Kijana wa Hadiwea Nyanchwa Alishukiwa Mwizi, Kumbe Ni Folda! Hapa Ndipo Programu Inafaa Kuweka Data Yako

Wasee, kuna kijana nilimuona karibu apoteze job, apoteze jina na pengine alale seli, juu ya folda moja tu kwa kompyuta. Siongezi chumvi. Kama uko na biashara, ama mathe ako na duka lenye kompyuta, ama uko kolegi na project yako ya mwisho iko kwa laptopu, soma hii mpaka chini. Hii stori itakuokolea chapaa.

Mimi niliacha kolegi mwaka wa pili, fii zilikua zimekataa. Nikarudi Nyanchwa, hapo juu ya mji wa Kisii, nikapata job ya saiba. Asubuhi naprintia watu CV, jioni natengeneza kompyuta za wenyewe. Sina cheti, lakini kompyuta zenye nimefungua ni mob.

Jirani yetu alikua mzee mmoja wa hadiwea. Mabati, simiti, misumari, rangi. Watu wote walimuita Omogaka. Ni Msabato wa ukweli, Ijumaa jioni anafunga mapema, Jumamosi hapatikani. Alikua ameandika kijana mmoja mpole sana, ndio anauza Omogaka akiwa ameenda kutafuta mali.

Jumapili moja Omogaka akakuja saiba akiwa amekasirika mpaka mkono unatetemeka. Kompyuta inasema ako na mifuko 60 ya simiti. Ameenda stoo, amehesabu mara tatu, ni 11. Mifuko 49 imeenda wapi? Kijana anasema ameziuza, na pesa alimpea kila jioni. Lakini kwa kompyuta hizo mauzo haziko. Hakuna hata moja.

Kijana alikua amesimama mlangoni, macho chini. Aliniambia tu, "Nilikua naandika kila kitu. Tata anajua mimi siibi." Tata alikua ameshaamua kwenda polisi.

Nikawaambia wanipe saa moja.

Risiti moja, mauzo mawili

Kitu cha kwanza niliomba ni nakala za risiti. Kijana alikua anaziweka kwa boksi ya misumari. Omogaka naye akaleta zake. Nikaanza kuzipanga kwa nambari, na hapo kwa 4018 nikaachwa mdomo wazi.

Kulikua na risiti 4018 mbili. Moja ni ya mabati, ilitolewa na Omogaka. Ingine ni ya simiti, ilitolewa na kijana. Nambari moja, siku tofauti, mteja tofauti. Nikaendelea: 4019 mbili, 4020 mbili. Chini ya 4018, kila risiti ilikua moja tu.

Sasa fikiria na mimi. Mwizi haendi kuprinti risiti ya kile ameiba. Na programu ya mauzo haiwezi kutoa nambari moja mara mbili, hio ndio kazi yake ya kwanza. Kitu pekee kinaeleweka ni hiki: kulikua na madaftari mawili. Kila mtu alikua anaandika kwa lake, na hakuna aliyejua la mwenzake liko.

Nikauliza, "Omogaka, ni nini kilibadilika kwa hii mashine?" Akafikiria, akasema kitambo walikua wanatumia akaunti moja. Halafu akaona si poa kijana kuona mambo yake ya kanisa na ya familia, akamfungulia akaunti yake, na pasiwadi yake. Tarehe? Tukaangalia. Ni siku moja kabla ya hizo risiti kuanza kugongana.

Nikaambia kompyuta inionyeshe mafaili yaliyofichwa, nikatafuta faili la data kwa diski nzima. Ile programu ilikua inatumia faili moja la .mdb. Yalitokea mawili. Moja lilikua ndani ya `C:\Program Files (x86)`, kwa folda ya programu yenyewe. La pili lilikua limejificha kwa akaunti ya kijana, ndani ya `AppData\Local\VirtualStore`.

Nikafungua hilo la pili. Mauzo yote ya simiti yalikua hapo. Mifuko 49, shilingi kwa shilingi. Tukalinganisha na zile zililipwa kwa M-Pesa ya duka, zikakubali.

Omogaka alinyamaza kwa muda. Halafu akamgeukia kijana akamshika bega. Mimi nikajifanya naangalia printa.

Ilitokeaje? Sikiza vizuri

Ile programu ni ya zamani, iliandikwa enzi ya Windows XP. Wakati huo watu wengi nyumbani na madukani walikua wanatumia kompyuta kama wenye mamlaka yote, kwa hivyo programu ilikua inaandika popote inataka. Aliyeitengeneza akaona rahisi: acha niweke data hapo hapo kwa folda ya programu. Ikaenda fiti miaka mingi.

Mwaka wa 2007 Windows Vista ikaingia sokoni na masharti mapya. Kuanzia hapo, mtu wa kawaida haruhusiwi kuandika ndani ya `Program Files` bila ruhusa ya msimamizi. Hio ni poa, juu virusi pia haiwezi kubadilisha programu zako kimyakimya. Shida ni zile programu za zamani, zingekufa siku hio hio.

Microsoft wakatafuta njia ya katikati. Programu ya zamani ikijaribu kuandika kwa `Program Files` na haina ruhusa, Windows haiikatazi. Inatengeneza nakala ya hilo faili, inaiweka pembeni kwa folda ya huyo mtumiaji, hio VirtualStore, halafu inaiacha programu iendelee kuandika kwa nakala. Programu haijui. Mtu pia haambiwi. Na kila mtumiaji anapata nakala yake.

Omogaka, fundi wake alikua amemfunza kufungua programu na haki za msimamizi, kwa hivyo yeye aliandika kwa faili la asili. Kijana hakua na hio pasiwadi. Alibonyeza tu mara mbili kama msee yeyote. Siku ya kwanza alipouza, Windows ikamtengenezea nakala, na kutoka hapo madaftari mawili yakaachana. Nakala ilikua na kila kitu mpaka risiti 4017, ndio maana hakuna mtu aliona kitu ya ajabu.

Kumbuka hakuna kitu iliharibika hapo. Kila mashine ilifanya kazi yake. Kosa lilikua moja, na ni la yule aliamua mahali pa kuweka data.

Programu ni keja, data ni vitu zako

Nikuelezee kwa lugha ya mtaa. Umepanga keja. Kuta, mabati, mlango, hizo ni za landilodi. Anaweza kuja kupaka rangi, kubomoa ukuta, hata kujenga upya. Kitanda, sufuria, vyeti vyako, hizo ni zako. Sasa ukichimba ukuta uweke vyeti vyako ndani halafu upige plasta, siku landilodi akibomoa utalaumu nani?

Programu ni keja. Imeletwa na mwenyewe, na atairudia: ataleta apdeti, atatoa ya zamani, ataweka mpya. Haifai kubadilika mkononi mwako. Data ni vitu zako. Inabadilika kila dakika, na ikipotea hakuna duka inauza ingine. Programu unaweza kuinstoli tena kesho. Mauzo ya mwezi wa tatu hutayapata popote.

Kwa hivyo sheria ni moja: programu ikae kwake, data ikae kwake. Na kila mfumo umeshatenga mahali.

Kwa Windows

Folda ya `C:\Program Files` ni ya programu zenyewe. Data inayobadilika haifai kukaa hapo hata siku moja.

Data ya kila mtu binafsi, kama mipangilio yake, inaenda kwa `AppData` ndani ya folda ya huyo mtumiaji. Data ya watu wote wanaotumia hio mashine, kama daftari la mauzo ya duka, inaenda kwa `C:\ProgramData`. Hapo ndipo nilihamisha lile faili la Omogaka. Bahati nzuri programu ilikua na faili dogo la mipangilio lenye unaweza kuandika data iko wapi.

Lakini usihamishe tu ukaenda kulala. Kwa `ProgramData`, kawaida faili likitengenezwa na mtu mmoja, mwingine wa kawaida anaweza kulisoma lakini hawezi kulibadilisha. Lazima folda ya hio programu ipewe ruhusa ya watumiaji wote wanaohusika. Programu poa inafanya hio yenyewe siku ya kuinstoli. Ile ya Omogaka nilifanya kwa mkono, halafu tukakaa usiku mbili tukiingiza mauzo ya kijana kwa daftari moja, risiti moja baada ya ingine.

Kitu ingine: `AppData` na `ProgramData` zote zimefichwa. Ndio maana fundi akiformati mashine yako anakuambia "nimehifadhi Desktop na Documents", halafu ukiwasha unakuta programu iko lakini rekodi zimeenda. Hakukudanganya. Hakuziona tu.

Kwa Linux

Hawa waliandika sheria kabisa. Inaitwa Filesystem Hierarchy Standard. Toleo la kwanza lilitoka 1994 likiwa na jina lingine, na toleo la 3.0 lilitoka 2015. Ndani yake, folda ya `/usr` ni ya vitu ambavyo havibadiliki, mpaka unaweza kuifunga isiandikwe kabisa na mashine iendelee na kazi. Kila kitu kinachobadilika kinatolewa hapo na kupelekwa `/var`. Na huko ndani kumegawanywa kama stoo ya mtu mpangilifu:

- `/var/lib` ni ya data yenyewe, ile programu haiwezi kuishi bila. MySQL kwa Ubuntu inaweka databesi zake kwa `/var/lib/mysql`.
- `/var/log` ni ya kumbukumbu za nini kilifanyika na saa ngapi.
- `/var/cache` ni ya vitu vya kurahisisha kazi. Ukifuta, programu itavitengeneza tena.
- `/var/spool` ni ya kazi zinazongoja foleni, kama karatasi za kuprinti.

Sasa, vipi kuhusu programu umenunua ama umepewa na kampuni, haikuja na mfumo? Hio inawekwa kwa `/opt`, kwa folda yenye jina lake. Na hapa ndipo wengi wanakosea: data yake inayobadilika haikai `/opt`. Sheria inasema iende `/var/opt`, kwa folda yenye jina hilo hilo, na mipangilio iende `/etc/opt`. GitLab ni mfano poa. Ukiinstoli kifurushi chao, programu inakaa `/opt/gitlab` na data inakaa `/var/opt/gitlab`. Apdeti ikikuja inafagia upande mmoja, upande mwingine haiguswi.

Na uzuri mwingine ni bakapu. Ukijua vitu zako zote ziko `/var/opt` na `/etc`, unabeba hizo mbili tu. Hakuna haja ya kubeba keja nzima.

Kwa simu yako, sai hivi

Usifikirie hii ni mambo ya mafundi. Simu yako ya Android inafanya hivi kila siku. Apu yenyewe inakaa kwa `/data/app`. Data yake inakaa kwa `/data/data`, kila apu na chumba chake, na apu ya jirani hairuhusiwi kuingia. Ndio maana unaweza kuapdeti apu mara mia na bado ukapata akaunti yako iko wazi.

Na zile batani mbili kwa mipangilio ya apu? "Clear cache" inafuta vile vya kurahisisha tu, bonyeza bila wasi. "Clear data" inafuta vitu zako zote ziko kwa hio chumba. Na ukitoa apu, chumba kinaenda nayo. Simu ikijaa, anza na hio ya kwanza, usikimbilie ya pili juu ya hasira.

Na nyinyi wa kolegi, XAMPP!

Hii inaniuma juu nimeona watu wakilia nayo. Wengi wenu mnajenga project na XAMPP kwa laptopu. Kwa Windows, yenyewe hukaa `C:\xampp`, na inakuonya kabisa usiiweke `Program Files` juu ya zile sheria za Vista. Poa. Lakini databesi zako ziko wapi? `C:\xampp\mysql\data`. Ndani ya keja! Hata kwa Linux ni vile vile, ziko ndani ya `/opt/lampp`.

Sasa MySQL inakataa kuwaka wiki ya kupresenti. Msee anashauriwa "futa xampp uinstoli upya". Anafuta folda nzima. Inawaka sasa, vizuri sana, lakini haina kitu ndani. Miezi minne imeenda na maji.

Kwa hivyo kabla ya kugusa hio folda, fungua phpMyAdmin uexporti kila databesi iwe faili la .sql, uliweke mahali pengine. Kama MySQL haiwaki, nakili folda yote ya `data` pembeni kwanza, pamoja na faili la `ibdata1`, juu bila hilo meza nyingi hazitafunguka. Halafu ndio ujaribu dawa zingine.

Maswali ya kuuliza kabla ulipe

Mtu akikuletea programu ya duka, ya chemist, ya shule ama ya chama, usiulize bei pekee. Muulize hivi, na umuangalie usoni:

1. Data yangu inakaa folda gani? Akisema "usijali", jali.
2. Ukileta apdeti ama nikitoa programu, hio folda inaguswa?
3. Nikiwa na wafanyakazi wawili wenye akaunti tofauti, wanaandika daftari moja?
4. Lazima nifungue na haki za msimamizi? Kama lazima, programu hio pengine inaandika mahali haifai.
5. Nikitaka bakapu, nanakili nini na nini? Jibu poa ni la sentensi moja.

Na kama programu ni ya zamani na iko dukani tayari, fanya jaribio la Omogaka leo. Uza kitu cha shilingi kumi kwa akaunti moja, halafu ingia kwa akaunti ya pili uangalie kama kimeonekana. Kisipoonekana, nenda utafute VirtualStore kabla hujamuita mtu mwizi.

Pia usisahau KRA. Sheria ya ushuru inataka mfanyabiashara aweke rekodi zake miaka mitano. Siku wakiuliza, "fundi aliformati" haitakua jibu.

Iliishaje?

Kijana bado ako hapo hadiwea, na sai ndio anafunga hesabu za jioni. Omogaka alinunua flashi mbili. Kila Ijumaa kabla jua litue, kijana ananakili ile folda moja ya `ProgramData` kwa flashi, moja inabaki dukani, ingine Omogaka anaenda nayo nyumbani. Mimi nililipwa na mifuko mbili ya simiti, juu Omogaka alisema zile 49 zilikua zimemsumbua sana.

Kitu huwa nafikiria ni hizo risiti. Kama kijana hangeweka nakala kwa boksi ya misumari, mimi ningeanzia wapi? Pengine ningeamini kompyuta kama kila mtu. Kompyuta haikudanganya, ilionyesha tu daftari moja kati ya mawili, na ikanyamaza kuhusu la pili.

Wewe je, unajua data ya duka lenu ama project yako iko folda gani sai hivi? Kama hujui, funga hii stori uende uangalie. Halafu mtumie yule beshte yako wa XAMPP.